Maembe Yaliyonuka Moshi

Kazi yangu naijua. Embe nikilifungia kwenye chupa halifunguki hadi nitake mwenyewe. Wafanyabiashara wa Meru wakishusha maembe mengi sokoni, mimi huyanunua, nikayamenya, nikayakata vipande na kuyajaza kwenye chupa za kioo pamoja na maji ya sukari na ndimu. Chupa huchemka ndani ya sufuria kubwa, kitambaa kikiwa chini zisigongane. Zikipoa, vifuniko hubonyea kimoja kimoja, tak, nami najua hewa imetoka.

Mwaka ule nilifunga nyingi kwa ajili ya mama. Kiharusi kilikuwa kimempoozesha upande mzima wa kushoto, na daktari alisema hatasimama tena. Nilimtoa kwetu Merti nikamleta kwangu mjini, mtaa wa Kiwanjani. Alikataa uji, akakataa mchuzi. Embe tu ndilo alilolimeza, kijiko kwa kijiko.

Siku moja stoo nilibonyeza kifuniko, kikapanda na kushuka chini ya kidole. Kilikuwa kimefunguliwa. Cha pili vilevile. Nilinusa: moshi. Haukuwa moshi wa makaa, ulikuwa ule wa mzeituni mwitu, ambao wanawake wetu wa Kiborana hufukizia vibuyu vya maziwa ili yasiharibike. Kwangu hakuna kibuyu hata kimoja; maziwa yetu ni ya pakiti.

Nilikasirika kabla ya kuogopa, ndivyo nilivyo. Nilimwendea jirani ninayemwachia ufunguo, nikamfokea mpaka kuku wake wakakimbia. Akaapa hajaingia.

"Wewe soma Kurani kwa hiyo nyumba," akaniambia. "Huyo si mtu."

Nilisoma. Nikamwaga zile, nikafunga nyingine. Baada ya siku tatu nazo zilinuka, moja ilikuwa na ufa, na nyingine ilitoa povu. Hapo niliogopa kweli. Tunda lililofungwa likiingiwa na hewa huoza kimyakimya, na linaweza kuua mtu mzima, sembuse mgonjwa. Sikuwa na hakika nilikuwa nimemlisha mama kutoka chupa gani.

Ijumaa nilimuaga mama kwamba naenda sokoni. Nilifunga mlango kwa nje, nikazunguka hadi dirisha la stoo, nikachuchumaa juani. Mtaa ulikuwa kimya, wanaume wote wakiwa msikitini. Kisha nikasikia kitu kikiburutwa sakafuni. Kinaburutwa, kinatulia, kinaburutwa tena. Mlango wa stoo ukafunguka.

Mama alikuwa amesimama. Mkononi alikuwa na kijiti kinachofuka, kimoja cha vile alivyokuja navyo kutoka Merti, ambavyo mimi nilidhani ni miswaki. Alikuwa amekiwasha kwenye jiko langu. Alifungua chupa, akashikilia kijiti juu ya maembe mpaka moshi ukajaa shingoni, akafunga. Chupa aliibana kifuani kwa ule mkono uliopooza.

Nilikimbilia ndani. Hakushtuka. Alinitazama kama mtu anayefanya naye kazi kila siku, akaniita dada.

"Dada, shika hii," akasema kwa Kiborana. "Maziwa ya huyu mtoto lazima yaingie moshi vizuri. Yule wa kwanza nilifanya haraka, sikufukiza. Aliharisha siku mbili, tukamzika."

"Mtoto gani?" nikauliza.

"Yule wa kabla ya huyu binti. Umemsahau wewe?"

Binti yake ni mimi, sina dada wala kaka mkubwa, na tangu nipate akili nimeambiwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba. Nilimshikia chupa moja baada ya nyingine hadi zikaisha. Alipolala niliyamwaga maembe yote shimoni, nikimlilia mtoto ambaye hakuna mtu aliyewahi kunitajia.