Saa Tisa Niliyoiandika Saa Tatu

Teng. Teng. Teng.

Kijiko kwenye kikombe cha bati. Nilikuwa nimekaa barazani, ukuta kati yetu, simwoni. Lakini nilijua ni Bi Mize, na nilijua anataka nini. Anataka kugeuzwa.

Na mimi nikamalizia sentensi yangu kwanza.

Hilo ndilo kosa langu, ndugu yangu unayesoma. Silifichi wala simsingizii shetani, maana siku hizo shetani hakuwa na haja ya kuja. Nilikuwepo mimi na daftari.

Nilisoma Unguja kozi ya miezi mitatu ya kuhudumia wagonjwa majumbani. Nikarudi Pemba na cheti, mfuko wa glovu, na majivuno yasiyoingia mfukoni. Bi Raya, mwenye duka la kanga huko huko Unguja, akaniajiri nimtunze mama yake kijijini, upande wa Msuka. Mama huyo ndiye Bi Mize. Maisha yake yote alilima mwani, mikono yake migumu kama kamba alizokuwa akizifunga. Kiharusi kilimlaza, kikamchukulia maneno na upande wote wa kulia. Akabakiwa na mkono wa kushoto. Nikampa kikombe na kijiko, nikamwambia: "Bibi, ukichoka kulala upande mmoja, gonga. Ntakuja mbio."

Mbio! Ewe Mola.

Mwalimu wetu alitufundisha mambo mawili kuliko yote. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, mgeuze kila baada ya saa mbili. Na kila unalolifanya, liandike. La kwanza lilikuwa kazi. La pili, jamani, lilikuwa raha!

Nilinunua kalamu tatu mjini Konde: buluu ya chakula, kijani ya dawa na hali, nyekundu ya kugeuza. Nikaandika: "Saa tatu. Nimemgeuza Bibi ubavu wa kushoto, mto kati ya magoti, uso dirishani ambako upepo unaingia kama mgeni mwenye adabu." Upepo mwenye adabu! Kwenye daftari la mgonjwa!

Kila jioni nilipiga picha ukurasa, nikamtumia Bi Raya. Naye hunijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mashaallah, mwanangu, nasoma mpaka machozi yananitoka." Basi nani asingetamani kumliza tena kesho?

Halafu kuna wageni. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Kila alasiri wanawake walitoka pwani kwenye mwani, nguo zingali na chumvi, wakajaa chumbani, wengine wakakaa ukingoni mwa kitanda. "Jee, kaamkaje leo?" Mimi nalifungua daftari, nawasomea. Alichokula. Alichokunywa. Mpaka choo, kapata mara ngapi na kilikuwaje!

Ukurasa wa kwanza wa maandishi yangu ya kozi unasema: mambo ya mgonjwa ni siri yake. Hati ya mkono ni nzuri sana. Ni yangu.

Jirani yetu, Bi Kazija, alijipiga paja akicheka. "Nyie! Huyu si nesi, huyu ni redio!"

Nikaona nimesifiwa. Bi Mize alikuwa ameutazama ukuta.

Sasa, kumgeuza mgonjwa ni kumfunua, na hafunuliwi mbele za watu. Ilinipasa kuwaambia wageni watoke. Lakini utamwambiaje toka mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa? Niliona haya. Haya zilikuwa zangu, ila mgongo ulikuwa wake.

Teng, teng, teng, akagonga Bi Mize katikati ya maongezi.

"Anakusalimuni," nikasema.

"Waalaykumu salaam, bibi!" wakaitikia wote kwa pamoja.

Akagonga tena, kwa nguvu.

"Kafurahi leo," nikasema. Wallahi nilisema hivyo.

Wageni waliondoka karibu na magharibi, na mimi nikawa sina tena wakati wa kuandika vizuri. Nikapata akili. Nikawa naandika siku nzima asubuhi, mkono ungali mwepesi. Saa tatu kageuzwa, saa tano kageuzwa, saa saba, saa tisa. Siku ikishaandikwa, ndugu yangu, kuiishi kunakuwa kama kurudia kazi iliyokwisha.

Asubuhi moja, nikimwogesha, nikaona alama mwisho wa uti wa mgongo, ndogo kama sarafu, nyeusi kuliko ngozi yake na ya moto. Nikaibonyeza. Haikubadilika. Nilijua ni nini! Lilikuwa swali la mtihani, na nililipata! Jibu: usimlaze tena juu ya alama hiyo, waarifu jamaa zake na kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Lakini ningeiandikaje? Ingelichafua daftari. Nikapaka mafuta ya nazi, nikaandika, "Ngozi yake iko salama."

Siku zile zile kikombe kikanyamaza. Nikachukua kalamu ya kijani: "Leo Bibi ametulia sana."

Hakutulia. Alikuwa amenikatia tamaa.

Bi Raya akaja bila taarifa, siku tatu kabla ya Idi. Alimbusu mama yake kipaji, akaketi, akalifungua daftari kama mtu anayefungua zawadi aliyokwisha kuonjeshwa. Akasoma akitabasamu. Kisha tabasamu likasimama.

"Mwanangu."

"Labeka, Bi Raya."

"Saa hizi ni saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu, za asubuhi."

"Hapa umeandika leo saa tisa mama kageuzwa, kanywa uji, kacheka. Hii saa tisa ya leo imeshapita wapi? Maskati?"

Bi Kazija, aliyekuwa mlangoni na bakuli la uji, aliangua kicheko. Aliponitazama uso, kikamkauka.

"Na alicheka nini?" Bi Raya akauliza taratibu. "Niambie na mie nicheke."

Akaiondoa shuka. Harufu ilitangulia, kidonda kikafuata. Sarafu ilikuwa imekuwa kiganja cha mtoto. Bi Raya hakupiga kelele. Laiti angepiga!

Daktari wa kituo akaja, akasafisha, akafunga. Alisema kitapona, inshallah, lakini kwa miezi. Na kingeachwa wiki moja zaidi kingefika mfupani. Akauliza, "Nani anamtunza mgonjwa huyu?" Hata Bi Kazija, redio nyengine ile, akageuka kutazama nje.

Bi Raya alilifunga duka, msimu wa kanga wa sikukuu, akasema atamtunza mama yake mwenyewe. Mimi nilibaki siku tatu, si kuhudumia, ila kumfundisha. Osha mikono. Vaa glovu. Mvute kwa shuka, usimburute kwa ngozi. Tazama visigino na nyonga. Lakini kabla ya yote, toa watu, funga mlango, ndipo umfunue.

Alasiri ya siku ile ya kwanza wageni wakajaa. Bi Raya akasimama: "Dada zangu, tokeni kidogo, namgeuza mama."

Wakatoka. Hakuna aliyenuna! Bi Kazija akanipita akinong'ona: "Kumbe ndiyo ilivyo? Ungesema tu, mwanangu. Mie ntu wa mwani, n'tajuaje?"

Leo pale kijijini jina langu ni Nesi wa Saa Tisa. Nikipita, huulizwa kesho itakuwaje.

Basi wenzangu mnaotunza wagonjwa wa watu, fanyeni kwanza, ndipo muandike. Mkikosea, liandikeni hilo hilo, hata kama halina upepo wala dirisha. Nanyi mlio mbali na wazazi, msiridhike na picha ya ukurasa. Ombeni kuuona mgongo.

Siku ya kuondoka niliingia kumuaga Bi Mize. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Alinitazama. Kisha mkono wa kushoto ukakitafuta kijiko.

Teng. Teng. Teng.

Kanisamehe! nikataka kusema. Nikauma ulimi, nimekwisha kumtafsiri vya kutosha.

"Anataka kugeuzwa," alisema Bi Raya, akiinuka. "Saa mbili zimetimia. Tupishe, mwanangu."

Nikauchukua mkoba wangu, nikatoka. Nyuma yangu akaufunga mlango, taratibu, mpaka ukagota, kama nilivyomfundisha.