Jina Jipya, Damu Ileile

Mdogo wangu ana majina matatu, na mawili kati ya hayo hatuyatamki. Kwetu Butiama mtoto akiuguaugua, wazee husema jina limemkataa, yupo marehemu wa ukoo anayedai mtoto apewe lake. Basi anapewa jingine, la zamani linaachwa pamoja na kila kitu kilichoandikwa kwa jina hilo.

Alikuwa na miaka mitano alipougua homa ya uti wa mgongo, ile inayokaza shingo. Akatibiwa, akapona. Bibi mzaa baba akambadilisha jina, akanipa daftari lake la hospitali nilitie motoni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, najiona msomi kweli, lakini nililichoma bila kuuliza.

Miaka minne baadaye ugonjwa ukarudi. Mimi na bibi tukampeleka Musoma na daftari jipya lenye jina jipya. Daktari alikuwa kijana, shati limepigwa pasi vizuri. Akauliza, "Huyu ameshawahi kuugua hivi?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikawaza ataomba daftari la zamani, nitaanza kumweleza habari za marehemu na majina, naye atatucheka, watu wa kijijini hawa. Nikasema, "Hapana, daktari. Ndiyo mara ya kwanza."

Bibi, aliyekuwa amempakata mtoto, alinitazama, akanyamaza. Mtoto akapona tena, akapewa jina la tatu.

Mara ya tatu alikuwa na miaka kumi na minne, anakaa kwangu Bunda kwa ajili ya shule. Asubuhi alisema kichwa kinamuuma. Nikampa panadol, nikamwambia aache uvivu, vyombo vinamsubiri. Jioni shingo haikunjiki, nikamkimbiza hospitali akiwa hajitambui. Alizinduka baada ya siku kadhaa, mzima, ila masikio hayasikii kitu.

Daktari wa safari hii alikuwa mama mtu mzima. Aliuliza swali lilelile, nami nikamwaga yote. Akaweka kalamu chini. Damu ikapelekwa Mwanza, na kutoka huko ikapelekwa mbali zaidi. Majibu yalichukua muda mrefu mno.

"Mtu anazaliwa na protini fulani kwenye damu," alinieleza. "Mdudu akiingia zinamng'ang'ania na kumtoboa, hata kabla mwili haujajifunza kupigana naye. Mwenzio protini moja hana. Ndiyo maana nyie mnakula naye sahani moja, lakini ugonjwa huu unamrudia yeye tu."

Nikamuuliza kama ningesema mapema ingesaidia. Hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema homa hiyo ikirudi kwa mtoto yuleyule, daktari anaanza kutafuta kilichopungua mwilini. Angepimwa, angechanjwa, na sisi tungejua kuwa homa yake hailazwi nyumbani hata saa moja. Nikakumbuka vyombo.

Nyumbani ilisemwa majina ndiyo yaliyoficha ugonjwa, na lawama zote zikamwangukia bibi. Mdogo wangu akamsusa. Hamsalimii, hampelekei uji, akimwona uani anaingia ndani. Bibi alikuwa akiniuliza tu, "Mwenzio amekula?" Nami nilikaa kimya, kwa sababu lawama ikiwa kwake haikuwa kwangu. Mwaka jana tulipomzika, mdogo wangu hakutupa udongo.

Ukweli ni kwamba bibi alinikataza kutamka jina tu. Ugonjwa hakunikataza. Uongo ule wa Musoma ulikuwa wangu, wa aibu yangu ya kuonekana mshamba mbele ya kijana mwenye shati la pasi. Najichukia kwa hilo, na kumchukia yule kijana hakunisaidii.

Mwezi uliopita mdogo wangu alikuja kwangu Nyakato, ninakoshona nguo siku hizi. Huwa tunazungumza kwa kuandikiana kwenye simu. Nikamwandikia yote, kuanzia daftari nililochoma hadi lile neno hapana. Alisoma, akarudia kusoma. Akaandika: "Bibi alikuwaga anajua?"

Nikaandika: "Alikuwa amekupakata. Alinisikia."

Akaiweka simu juu ya cherehani, kioo chini, nisiweze kuandika tena. Akaniuliza kwa mdomo, kwa ile sauti yake asiyoisikia mwenyewe, "Na wewe ukaniacha nimsuse?"