Nzi wa Macho ya Mdogo Wangu

Wanafunzi wangu wa chuo hupenda kuniuliza nilianzaje kusoma nzi, mimi ambaye kwetu hakuna aliyewahi kusomea mdudu wa aina yoyote. Wanatarajia niwaambie nilivutiwa na maajabu ya uumbaji. Huwa nacheka na kubadili mazungumzo. Nilianza kwa aibu, na aibu yenyewe sijaimaliza hadi leo.

Nilikuwa kidato cha tatu kwenye shule ya bweni, miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa minadani na ada imerudi shuleni. Wauguzi wa macho walikuja wakatupanga mstari uwanjani, wakawa wanabinua kope za kila msichana. Aliponifikia mimi, muuguzi alisimama, akamwita mwenzake. "Njoo uone, vikope vyenyewe ndivyo hivi," akasema, kama mwalimu aliyepata mfano mzuri wa kufundishia. Mstari mzima ukageuka. Nilipewa dawa ya trakoma ya kupaka, na niliporudi bwenini nikakuta msichana aliyekuwa akilala juu yangu kwenye dabodeka amekwisha hamisha godoro lake.

Mwalimu wa baiolojia, mtu wa kuja, alitaka kunifariji mbele ya darasa. Alisema si kosa langu, ni nzi wa ng'ombe, na sisi Wagogo tunalala na ng'ombe. Darasa likacheka. Hapo ndipo nilipokasirika hasa, kwa sababu nyumbani nzi hawakuwa fedheha. Babu alikuwa akisema boma lisilo na nzi halina maziwa. Ningeweza kuvumilia kusemwa mimi, lakini ng'ombe wa babu? Nikaapa kimoyomoyo kwamba likizo ikifika nitawasafishia jina.

Kwetu ni upande wa Mvumi. Katika nyumba yetu ya tembe alikuwapo babu mzaa baba, mwenye mifugo, mama, na mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa bado anajifunza kusema. Baba alikuwa Dodoma mjini akiuza mitumba, tukimwona mara moja moja. Kope za mama zilikuwa zimegeukia ndani, zikimchoma jicho kila anapopepesa. Alikuwa akiketi mlangoni asubuhi na kibano, akizing'oa kwa kupapasa, machozi yakimtiririka, huku akinihoji habari za shule. Nilipomtazama mdogo wangu, nzi wamejipanga kwenye pembe za macho yake naye hata hajishughulishi kuwafukuza, nilijua anaelekea kulekule. Mwalimu nikamsahau. Nilitaka kujua nzi wale wanazaliwa wapi ili waishe kabla macho ya mtoto hayajaharibika.

Nilinunua mnadani pazia la mtumba, lile la nyavu, nikalikata vipande. Nikafunika kinyesi cha ng'ombe huku, cha mbuzi kule, nikabana pembeni kwa mawe na kungoja. Nzi wa usoni kwa mdogo wangu nilikuwa nimewakamata kwa glasi na kuwatazama vizuri: walikuwa na mistari miwili myeusi mgongoni. Waliotoka kwenye kinyesi cha ng'ombe na cha mbuzi karibu wote hawakuwa wale. Majirani walipita wakaniona nimechuchumaa juu ya mavi siku nzima, wakamuuliza mama kama shule imenidhuru. Mama akawaambia ni masomo.

Kilibaki kinyesi cha binadamu, na hata nilipokuwa peke yangu uso uliniwaka kukifikiria. Choo tulikuwa nacho, kilichimbwa kwa amri ya ofisi ya kijiji. Hata hivyo nyuma ya uzio wa minyaa, upande wa korongo, palikuwa na mahali panapotumika. Sikujiuliza panatumiwa na nani. Nikatandaza kipande changu cha pazia na kukibana kwa mawe kama vile vingine.

Baada ya wiki na ushei nikakuta nzi wamejaa chini ya wavu, na kila niliyemtazama alikuwa na mistari yake miwili. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Nilipoinua kichwa, babu alikuwa amesimama na fimbo yake, akiutazama wavu.

"Unatafuta nini hapo?"

"Nzi, babu."

"Umewapata?"

"Nimewapata."

Akageuka akaenda zake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa nimekumbuka, nikiwa nimechelewa mno, jambo ambalo kila mtu pale nyumbani alilijua na hakuna aliyelitamka: babu hakuwahi kuingia katika kile choo, kwa sababu mama alikitumia. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawachangii choo. Ni heshima, na heshima hiyo ilikuwa imempeleka mzee korongoni miaka yote hiyo.

Siku ile babu alikula peke yake, na hakuniita nimnawishe mikono. Nilimfuata mama jikoni nikamweleza yote. Nikashauri babu achimbiwe choo chake, na yeye ndiye alifikishe neno hilo kwa baba.

"Nani ataanza kusema?" aliuliza mama. "Mzee atajua tumekaa tukazungumza haja zake. Hapana, mwanangu."

"Mficha uchi hazai, mama."

"Mimi nimeshazaa."

Aliendelea kusonga ugali wa uwele. Baadaye, bila kunitazama, akauliza, "Kwa hiyo mzee akiingia chooni, huyu mtoto macho yake yatapona?"

"Nzi watapungua," nikasema. "Nao ndio wanaoeneza ugonjwa."

Haikupita wiki nikamwona babu akitembea polepole kuelekea chooni, mkononi ana kopo la maji. Sikuwahi kuona kitu kizuri kama kile. Sikujua ni nani aliyempa ujumbe wala aliufunga kwa maneno gani, na sikutaka kujua. Nilijiona mtaalamu. Nilikwenda korongoni kuondoa wavu wangu nikiimba.

Mama alikuwa anatoka nyuma ya minyaa, anajifunga kanga vizuri. Tulikutana uso kwa uso pale penye njia nyembamba, na hakukuwa na pa kupishana. Kwa wakwe mambo hayazungumzwi, hufanywa: alikuwa amemwachia mzee choo. Nami msomi, niliyekuwa nimekwisha hesabu mistari ya migongo ya nzi, sikuwa nimefikiri kwamba choo kikiwa kimoja mmoja wao lazima atoke.

Nilimwamkia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Jicho lilikuwa jekundu, linachuruzika. Alilifuta kwa pindo la kanga, akatabasamu, na nikaona kwamba hakuwa na aibu yoyote; yote ilikuwa yangu. "Umemwona mzee? Anaingia sasa. Mdogo wako atapona, si ndivyo ulivyosema?"

Nzi walikuwa tayari wanarudi kule alikotoka.

"Ndiyo, mama," nikamjibu.