Jumamosi za Judica

Urban alikuwa akisema hana wivu, tena akisema kwa sauti kubwa, na mwanamume akifikia hapo ujue wivu umeshamkaa kooni. Kila Jumamosi mkewe Judica alijitanda shuka, akapanda bodaboda, akaelekea kijiji cha Daudi. "Naenda kumsalimia Mama Marieta," alisema. Mama Marieta gani huyo asiyetosheka na salamu?

Walikuwa wamejenga pembezoni mwa mji wa Mbulu, kwenye viwanja vipya, ambako kila mtu anajua jirani yake anapika nini. Urban alikuwa karani, Judica fundi cherehani sokoni. Ng'ambo ya ukuta aliishi Evelyne, nesi aliyehamishwa kutoka Moshi, mumewe akabaki huko. Urban alimtengenezea bomba mara moja, na tangu hapo bomba likawa linaharibika kila wiki. Hilo aliliita ujirani. Safari za mkewe aliziita uhuni.

Jumamosi moja akamfuata. Kutoka kilimani alimwona akipokewa na mwanamume mwenye mabega mapana. Wakapeana mikono, wakacheka, wakaingia zizini. Urban akateremka mbio, ngumi tayari.

"Wewe ndiye shemeji yetu!" mwanamume alisema kwa furaha. "Mimi Bura, Baba Marieta. Mwenzangu yuko shambani. Hatimaye umekuja kumwona ng'ombe wenu!"

Zizini alisimama ng'ombe mwekundu na ndama wake. Urban aliangua kicheko, akataka hata kumkumbatia Bura. Kumbe ng'ombe tu! Desturi ya kwao hiyo tangu enzi za babu: unamweka ng'ombe wako kwa rafiki, anayemlisha anakunywa maziwa, ndama anabaki wako.

Kisha kicheko kikamkauka. Marehemu baba yake naye aliweka ng'ombe mbali, na Urban alijua kwa nini: watu asiowaamini wasijue ana nini.

"Mbona hukuniambia, Mama Maxi?" akamuuliza mkewe.

Judica alikuwa akimpapasa ndama mgongoni. "Ni wangu na mwanangu Maximilian," alisema taratibu. "Siku ukituacha, tuwe na pa kuanzia."

"Nani kasema nawaacha?"

Judica aliinua macho. Alimtazama tu, bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma Urban kuliko matusi yote ambayo angeweza kutukanwa. Mtu mwenye hasira bado anakutaka. Huyu alikuwa ameshapanga maisha yake. Bura akajifanya anatafuta kamba. Urban naye akatafuta uongo wa kusema. Aliupata mwingi, ila wote alikuwa ameshamwambia.

"Kama umeshafika, nisaidie," Judica akasema, akichukua bomba la dawa ya kupe. "Mshike asiruke."

Urban akainama, akamshika ndama ambaye hakuwa wake.