Uzi Usiokatika

Mtaani walimwita Fundi Majani, naye hakulikataa jina, maana kukata majani ndiyo kazi iliyomlisha tangu ndevu zimwote. Alifika kwa watu na mashine yake begani, miwani ya plastiki usoni, na nyasi zikamjua. Kilichomkera ni kimoja tu: uzi. Ule uzi wa nailoni unaozunguka chini ya mashine ukigusa jiwe, umekatika. Ukigusa ukingo wa ukuta, umekatika. Kila mara azime, apige magoti, avute mwingine, na mwenye nyumba amesimama mlangoni anamuuliza, "Fundi, unakata majani au unashona?"

Akachoka. Akaenda duka la vipuri, akamwambia muuzaji, "Leo nipe uzi wa kiume."

Muuzaji akamtandazia kaunta nzima. Huu wa mviringo ni laini, kwa nyasi changa. Huu mnene sana, mashine yako itahema mpaka ife. Huu wa pembe nne, unene wa kiasi, mgumu. "Huu ukigonga jiwe," muuzaji akasema, "jiwe ndilo litaomba msamaha." Fundi akaukunja, akauvuta, akautia hata meno. Akatoka nao kifua mbele.

Akaenda kuujaribu nyumbani kwa mama yake. Nyuma ya nyumba ile palikuwa na mchungwa mmoja, marehemu baba yake aliupanda mwaka wake wa mwisho, na haujawahi kuzaa hata tunda la kusingizia. Mama aliumwagilia kila asubuhi huku akiusemesha. "Siondoki duniani sijaonja chungwa la mzee," alizoea kusema, wala hakuwa anatania.

Mama alitaka shina liwe safi, pasibaki hata unyasi. Basi Fundi alikuwa na mazoea yake: alizungusha mashine mpaka uzi upapase gome, na ule uzi dhaifu ukafika hapo ukakatika wenyewe kabla ya kudhuru. Miaka yote hiyo mwenye adabu alikuwa uzi, si yeye, masikini, naye hakujua. Siku hiyo akazunguka vilevile. Uzi mpya haukukatika. Alipozima na kuinama, gome lilikuwa limechunika pande zote, mkanda mweupe wa upana wa kiganja, unatoka majimaji.

Akapaka udongo, akafunga kitambaa, akakimbia kwa jirani yao anayeuza miche.

"Kidonda kimezunguka chote?" muuza miche akauliza.

"Chote."

Wakaja wote wawili wakati mama hayupo, wakajaribu kuunga vijiti vibichi kama madaraja ya kuvuka kidonda. Vikakauka. Muuza miche akamshika bega. "Pole, ndugu yangu. Maji bado yanapanda, lakini chakula hakishuki tena kwenye mizizi. Huo umekwenda, ila wenyewe haujajua."

Mama alikuwa amekiona kitambaa kesho yake tu. "Umeufunga nini?"

"Mchwa, mama. Nimeweka dawa."

"Mungu akuweke, mwanangu. Bila wewe ungeliwa huu."

Hapo Fundi alitamani ardhi immeze. Kila jioni aliapa kesho atasema, na kila kesho alimkuta mama na kopo lake la maji, anaubembeleza mti, akaahirisha tena. Na hata angesema? Gome halishonwi. Hakuna ambacho angeweza kufanya, na hilo ndilo lililomtafuna.

Wiki zikapita, mti kijani vilevile, hata yeye akaanza kujidanganya. Ndipo mama alipomwita asubuhi moja, sauti imemjaa kicheko. Mchungwa ulikuwa umechanua. Umechanua wote, tawi hadi tawi, weupe mtupu, nyuki wamejaa.

Fundi akainama kukitazama kitambaa shinani. Alishaiona miti ya wateja iliyochunwa namna hii: nguvu zote hubaki juu, mti hutoa maua ambayo haujawahi kutoa, kisha hukauka.

"Mzee amesikia," mama akasema, ameketi kwenye kigoda chini ya maua, machozi yanamtoka bila kuyafuta. "Nilikuwa nimeanza kukata tamaa, ujue. Haya, leo mwagilia wewe, mgongo unaniuma."

Akajaza kopo, akamwaga polepole shinani.

"Usiubanie," mama akasema. "Mwaga tena."

Akamwaga tena.