Lumbesa Ubaoni

Juzi, sokoni Lizaboni, niliona gunia la mahindi lililojazwa lumbesa, limevimba kupita mdomo wake, nikacheka peke yangu.

Nilikumbuka mchana mmoja wa utoto wangu shuleni, darasa likinuka sweta zilizoloa mvua. Mwalimu aliandika ubaoni: x − 2 > 4. Tulijibu kwa pamoja, "Sita!" Akatikisa kichwa. Mimi nilidhani kila hesabu ina jibu moja tu. Kisha nikamkumbuka mama akijaza gunia: debe la sita limeshaingia, gunia limejaa, naye bado anamimina.

"Mwalimu, ni lumbesa!" nilipayuka. "Namba yoyote iliyozidi sita!"

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alinikabidhi chaki, nikaandika mwenyewe: x > 6.

Leo najua lumbesa sokoni ni kosa kisheria, maana humpunja mkulima. Siku ile, ubaoni, ilipata vema kubwa.