Naftalini Ndani ya Tangi

Mume wangu alikuwa ananiibia naftalini. Nasema kuiba kwa sababu hakuomba. Naziweka kwenye sanduku la nguo, katikati ya kanga zangu, nondo wasije wakanitia aibu. Siku nikifungua, kanga zipo, naftalini hakuna. Loo, nilimsema mpaka majirani zetu wa Nguvumali wakajua habari yote.

Alikuwa dereva wa teksi, miaka ile ya hamsini. Gari lake kuukuu likifika mlimani, injini ilikuwa inagonga kama mtu anayetwanga kinu kitupu. Madereva wenzake walikuwa na dawa za kila namna. Mmoja aling'oa bomba la moshi, akiamini makelele ndiyo nguvu. Mwingine alidondoshea kabureta maji, tone tone, akiapa wallahi kwamba injini hupenda ubaridi wa alfajiri. Mume wangu aliambiwa naftalini inaipa petroli ukali, basi akaingia mzima mzima.

Lakini hakuwa mtu wa papara. Alizitwanga zikawa unga, akauloweka kwenye chupa ya petroli siku nzima, akachuja kwa kitambaa mara mbili, ndipo akatia tangini, kidogo tu. Na kweli gari likaacha kugonga. Mpaka leo najiuliza kama ilikuwa dawa, au ni kule kulisikiliza gari lake kila saa, leo akikaza hiki, kesho akisafisha kile. Mtu akiiamini dawa humwangalia mgonjwa wake vizuri zaidi. Wakati ule sikuwaza hivyo. Niliona anaharibu vitu vyangu tu.

Asubuhi moja ikaja habari kwamba baba yangu amefariki alfajiri, kijijini kwetu karibu na Horohoro, na watamzika baada ya sala ya adhuhuri. Maiti hasubirishwi, nalijua hilo. Nilichotaka ni kuuona uso wake kabla haujafunikwa sanda. Nilikuwa sijamwona tangu Idi.

Mume wangu akaenda kuteka maji ya rejeta. Mimi nikafungua sanduku kutoa kanga, macho yakaangukia naftalini. Yarabi, akili ilikuwa imeniruka. Nikazichota kiganja kizima, nikazipondaponda kwa mchi, nikazimimina tangini. Nilitaka gari lipae. Aliporudi nikamwambia, "Washa, twende."

Mwanzo lilikwenda vizuri, nikajisifu moyoni. Tulipofika kama nusu ya njia likakohoa, likashtuka, likazima. Alifungua kabureta, akapuliza, akatoa punje nyeupe zilizoziba kitundu cha mafuta. Akazinusa. Akanitazama.

"Mama watoto, umezichuja hizi?"

Nikaangua kilio. Nilingoja anitukane, na nilistahili.

"Basi, basi," akasema. "Nishikie spana."

Akasafisha, tukaenda kidogo, likazima tena. Akasafisha tena. Sikuhesabu ilikuwa mara ngapi. Jua lilipita utosini, nami nimekaa ndani ya gari nimeuma upindo wa kanga.

Tulifika watu wanarudi kutoka makaburini. Kaka yangu mkubwa alitupokea mlangoni, macho mekundu.

"Shemeji, mmekwama wapi?"

"Ni ile dawa yangu ya petroli, shemeji," mume wangu akasema. "Niliizidisha."

Kaka akampandia juu mbele ya watu wote. "Kwa upuuzi wako dada yangu hakumwona baba yake!" Mume wangu akainamisha kichwa. Na mimi, mwenye ulimi wa kuutosha mtaa mzima, nikanyamaza. Niliona aibu, nikaogopa ndugu zangu, nikaingia ndani kulia na wanawake wenzangu.

Miaka ikapita. Kaka hakumsamehe kabisa, kila wakikutana lazima amchome, "Bwana naftalini, leo umetia ngapi?" Mume wangu hucheka tu. Hata tulipogombana, nami nikamrushia kila neno nililokuwa nalo, lile la naftalini yeye hakunirudishia. Kuna siku nilitamani alitamke, nipate kuutua mzigo.

Hakulitamka mpaka naye akafa, tukamzika. Siku ya tatu ya matanga, kaka alikuja kunipa pole, akawasimulia waliokuwapo kisa kile, baadhi yao wakatabasamu.

"Nilitia mimi," nikasema. "Yeye hakujua mpaka gari lilipozima."

Kaka akajishika kichwa.

"Dada," akasema, "na mimi sikumtaka radhi."